Filimbi ya Kuachia

Bwana apewe sifa! Hapana, ndugu zangu, mmeitikia kama watu ambao hawajanywa chai. Naomba tena: Bwana apewe sifa! Haya, hapo sawa. Mie leo nataka kelele. Mchungaji amenipa dakika chache na wazee wa kanisa wananijua sijui kufupisha, basi mnivumilie, maana haya ninayokuja kuyasema nimeyakalia muda mrefu.

Kwa wageni, naitwa Eliwaza, Mama Nuru. Naishi hapa hapa Yombo na kazi yangu ni uokoaji. Nyumba ikiungua, mtu akitumbukia kisimani, ukuta ukiwaangukia watu, sie ndio tunaoitwa. Kwenye kwaya nilikuwa sauti ya kwanza, mnanikumbuka. Mwalimu wa kwaya alikuwa akiniambia nisimame mbali na kipaza sauti maana sikihitaji. Mume wangu, Baba Nuru, fundi wa mafriji na mtu mpole kupita kiasi, alikuwa akinitania kwamba kaoa redio isiyozimika. Na mtoto wetu kanifuata mie. Nyumba yetu ilikuwa na kelele! Mie napika naimba, Nuru anagonga sufuria kwa mwiko, baba yake anacheka huko uani na friji zake mbovu. Majirani walishazoea. Ndugu zangu, kama kuna kitu nimewahi kukitamani maishani mpaka mbavu zikauma, ni ile kelele.

Ngoja nieleze tunavyofanya kazi, la sivyo hamtanielewa. Nyumba ikianguka na watu wakawa chini ya kifusi, macho hayasaidii. Tunatafuta kwa masikio. Kiongozi wa timu anapuliza filimbi ndefu moja. Ukiisikia hiyo, unasimama ulipo. Jenereta linazimwa, koleo unaliweka chini taratibu, kikohozi unakimeza. Kisha mtu mmoja anaita kwa sauti kubwa: "Kuna mtu? Kama unanisikia, gonga!" Halafu wote tunasikiliza. Tunatafuta kugonga, kukwaruza, kuguna, chochote. Yule aliyeita akihisi kuna kitu anainua mkono, maana yake tusubiri. Mkono ukiwa juu, hakuna anayesogea. Akiushusha, ndipo kiongozi anapopuliza tena, ndefu na fupi. Hiyo ndiyo filimbi ya kuachia. Ukiisikia unapumua, unashika koleo lako, kazi inaendelea. Na kwetu aliyepuliza kimya ndiye anayeachia. Mwingine haruhusiwi, hata awe na cheo gani.

Kwenye timu yetu mpulizaji alikuwa Afande Shomari, mtu mzima wa Kigamboni, Muislamu wa swala tano, ambaye kanifundisha kazi tangu nikiwa sijui hata kufunga kamba. Mwitaji alikuwa mie, kwa ajili ya hii sauti.

Basi kile kimbunga kilipopiga pwani ya kusini, tukapelekwa. Sitaeleza yote. Mliona kwenye simu zenu, mabati yanaelea, minazi imelala yote upande mmoja. Ila simu haina harufu. Na simu haikuonyeshi baba mtu mzima amekaa juu ya paa amekumbatia mlango wa nyumba yake, mlango tu, na hataki kuuachia ili umbebe. Tulitoa watu wengi wakiwa hai, Mungu ashukuriwe! Bibi mmoja nilimbeba mgongoni kwenye maji ya kiuno, njia nzima ananiombea dua na kunisema kwamba nakanyaga vibaya. Nilimpenda yule bibi.

Tukafika kwenye nyumba moja ya tofali karibu na mto. Ukuta wa nyuma umelala, paa limekalia vyumba. Majirani wakatuambia humo ndani wamo Mama Somoe na Somoe mwenyewe, binti mdogo tu. Afande akapuliza. Kila kitu kikanyamaza. Nikalala kifudifudi juu ya matofali, nikaita, "Mama Somoe! Kama unanisikia, gonga!" Nikaweka sikio.

Ndugu zangu, mpaka leo sijui nilisikia au sikusikia. Kulikuwa na kitu. Kidogo sana, kama mtu anayegusa bati kwa ukucha. Inawezekana alikuwa yeye. Inawezekana ilikuwa mvua inadondoka ndani. Nikainua mkono. Na pale pale mtu akapiga yowe, "Maji! Maji yanakuja!" Mto ulikuwa umevunja kingo huko juu. Afande Shomari akatukamata mikanda mmoja baada ya mwingine, akatuvuta mpaka kwenye gari. Mie nilivutwa mkono ukiwa bado uko juu. Tulipogeuka kutazama, yale matofali hayaonekani, yanapita maji ya udongo tu.

Maji yalipopungua, timu nyingine ndiyo iliyochimba. Waliwakuta mama na mtoto wamekumbatiana. Hawakuwa hai. Walikufa lini, kabla sijaita au baada ya kuita, hakuna aliyeweza kuniambia. Sie tulikuwa tumesharudishwa Dar.

Nilifika nyumbani mchana, jua linawaka. Nuru akanikimbilia anapiga kelele, "Mamaaa!" Na mie, ndugu zangu, mama aliyekuwa akimwota mwanawe kila akifumba macho kwenye hema, nikamwekea kidole mdomoni. Nikamwambia, "Shhh. Nyamaza kidogo." Sikujua kwa nini. Nilitaka kusikiliza, basi.

Ikaanza hivyo. Nikazima redio. Nikamwomba Baba Nuru asiwashe friji za wateja nikiwa ndani, zinanguruma. Nikaacha kukaanga, kwa sababu vitunguu vikilia kwenye mafuta nilikuwa nahisi kuna sauti chini yake inanipita. Tukawa tunakula vya kuchemsha kama wagonjwa. Muziki wa singeli wa mtaani sikuwa na uwezo wa kuuzima, basi nilikuwa nakaa nimeegemeza sikio ukutani, namsubiri yule mama. Mnanielewa? Nilikuwa na hamu na mtu nisiyemjua hata sura. Nilikuwa natamani agonge. Mara moja tu, ili nijue yuko wapi niende nikamtoe. Nikija hapa kanisani nasimama kwenye kwaya, nafungua mdomo, hakuna kinachotoka. Wengine mliniletea tangawizi na asali mkidhani ni koo. Asanteni, nilikunywa yote.

Kazini walituletea mshauri nasaha. Kijana mstaarabu, katupanga kwenye viti vya plastiki, akauliza nani anapata shida ya kulala. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mwenzetu mmoja akasema yeye shida yake ni kuamka, tukacheka mpaka yule kijana naye akacheka, akafunga begi lake. Sie watu wa uokoaji tuko hivyo. Tunajua kuokoa wenzetu, ila ukitaka kutuokoa sie tunakuona umepotea njia. Afande Shomari siku hiyo hakuwepo. Tukaambiwa yuko likizo, tukadhani ni mgongo wake unamsumbua.

Na mtoto akajifunza. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Nuru, aliyekuwa haongei bila kupiga kelele, akaanza kutembea kwa ncha za vidole. Akicheza na mwanasesere wake anamnong'oneza. Mwalimu wake akatuita, akatuuliza kama mtoto ana tatizo, mbona darasani hafungui mdomo. Siku moja sahani ikamponyoka mkononi, ikavunjika. Mie nikapiga ukelele, "Kimya!" kwa sauti yangu ya kazini. Nuru akaingia chini ya meza, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Hakulia. Aliniangalia tu huku amejiziba mdomo.

Baba Nuru hakugomba. Alikunja nguo za mtoto taratibu, akaniambia, "Mama Nuru, nampeleka Goba kwa bibi yake. Sikukimbii, na wala sikulaumu. Ila mtoto anasahau kuongea." Nikawasindikiza mpaka mlangoni. Nikarudi ndani, na nyumba ikawa kimya kabisa, kimya kile kile nilichokuwa nakidai. Nikakaa jikoni nikautazama ule mwiko wake. Sijawahi kutamani kelele kama siku ile.

Nikamwomba mama mkwe anirekodie sauti ya mtoto kwenye simu. Ikaja. Nikaiweka sikioni. Nuru ananong'ona! Yuko Goba, kilimani, uwanja mkubwa, hakuna anayemkataza, na bado ananong'ona: "Mama, shikamoo. Nimekula wali na maharage. Mama, bado unasikiliza?"

Bado unasikiliza. Ndugu zangu, niliirudia ile sauti mpaka chaji ikaisha.

Ndipo nikaja mbele hapa, mkaniombea. Nawashukuru kwa dhati. Kuna ndugu mmoja, simtaji, anajijua, aligundua nina pepo bubu, akanimiminia mafuta mpaka yakaingia machoni nikawa siwaoni hata mnaoniombea. Sikudharau! Nayasema kwa upendo. Ila nilitoka vile vile nilivyoingia.

Watu walipotawanyika, Mama Mchungaji alikuwa anafuta viti. Akanipa kitambaa nimsaidie. Tukafuta, tukafuta, halafu akaniuliza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. "Eliwaza mwanangu, unasikiliza nini?"

Nikamweleza yote, pale pale kwenye viti. Nyumba, mto, Mama Somoe, mkono wangu, filimbi. Mama Mchungaji hajui kitu chochote kuhusu uokoaji, moto wenyewe anauogopa, anapikia umeme. Lakini alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na ile filimbi ya kuachia, ilipulizwa lini?"

Nikaacha kufuta. Haikupulizwa! Tulikimbia. Timu yetu haijawahi kuondoka eneo bila kuachiwa, na siku ile tuliondoka. Kimya kilipulizwa, na mpaka nafuta viti hapa Yombo hakuna aliyekiondoa.

"Basi bado uko kazini, mwanangu," akasema Mama Mchungaji. "Aliyepuliza yuko wapi?"

Nikamwambia yuko Kigamboni, na kwamba mie naamini Bwana mwenyewe anaweza kuniachia bila kumsumbua mtu. Mnamjua Mama Mchungaji. Alinitazama juu ya miwani. "Bwana anaweza. Ila pengine filimbi kampa huyo mzee wa Kigamboni. Vaa viatu twende."

Amina? Amina!

Tukapita darajani, tukafika. Mke wake, Bi Zuhura, akatufungulia, na neno lake la kwanza likawa, "Karibuni, ila naomba tuongee polepole, mwenye nyumba hapendi sauti." Tukaingia sebuleni. Joto lile la Kigamboni, na feni imezimwa. Televisheni inaonyesha picha bila sauti. Saa ya ukutani imetolewa betri. Na Afande Shomari, jitu la miraba minne lililonivuta kutoka kwenye mto, amekaa kwenye kochi ameinamisha kichwa upande mmoja. Nikajua anafanya nini. Nikajua kwa sababu mie hukaa vile vile.

"Shikamoo, afande," nikanong'ona.

"Marahaba, mwanangu," naye akanong'ona.

Akanionyesha nafasi kwenye kochi. Halafu akasema, "Uliinua mkono. Toka siku ile nauona mkono wako. Nikifumba macho upo, nikisujudu upo. Nilikuvuta mkono wako ukiwa juu. Eliwaza, ulisikia kitu?"

Nilitamani sana nimwambie sikusikia. Ingekuwa rahisi, na angelala. Lakini huyu ndiye aliyenifundisha kwamba mwitaji hadanganyi. Nikamwambia, "Sijui, afande. Wallahi sijui." Ndiyo, nilisema wallahi, Mchungaji utanisamehe. Afande akafunika uso kwa viganja, akalia, mabega yanatikisika, bila sauti hata kidogo. Bi Zuhura akaja akakaa sakafuni karibu na miguu yake. Kumbe mumewe alikuwa hajamwambia lolote. Kumbe yeye naye alikuwa anajiuliza kamkosea nini mumewe mpaka asitake kusikia sauti yake.

Nikamwambia, "Afande, hukuachia."

Akainua kichwa. "Ningeachiaje? Mkono wako haujashuka."

Ndugu zangu! Mie namsubiri yeye, yeye ananisubiri mie! Kigamboni na Yombo, watu wawili tumekaa kila mtu nyumbani kwake tumeubana mdomo wa nyumba nzima, kila mmoja anamwekea mwenzake nafasi ya kusikiliza. Na hakuna aliyepiga hata simu.

Tukatoka uani. Afande akaenda chumbani, akarudi na ile filimbi kwenye kamba yake. Nikapiga magoti mchangani, nikainua mkono. Nikaita kwa sauti yangu yote, ile ambayo mlidhani imekufa: "Mama Somoe! Somoe! Kama mnanisikia, gongeni!" Majirani wakachungulia juu ya ukuta. Nikasikiliza. Kuku wanapekua. Bodaboda inapita mbali. Mtoto wa nyumba ya pili anakohoa. Nikasikiliza mpaka mwisho wa masikio yangu, na huko mwishoni nikasema, Bwana, mie nimefika. Masikio yako ndiyo yasiyofika mwisho. Wako kwako, wasikilize wewe. Nawatamani bado, lakini nakuachia.

Nikashusha mkono.

Afande Shomari akasema Bismillahi. Msinikunjie uso, ndugu zangu, Mungu alikuwepo pale uani kuliko mnavyodhani. Akapuliza, ukatoka upepo tu. Akapuliza tena. Ikatoka ndefu. Kisha fupi.

Nikapumua. Sijui niwaelezeje. Nilivuta pumzi ikashuka mpaka mahali ambapo haijafika tangu kusini. Afande akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akasema kwa sauti ya kawaida, sauti nzito ya afande, "Zuhura, hivi leo watu hawali humu ndani?" Bi Zuhura akacheka na kulia kwa pamoja, akakimbilia jikoni, na baada ya muda nikasikia vitunguu vinalia kwenye mafuta. Nikavisikiliza. Vilikuwa vitunguu tu.

Sikwenda nyumbani. Nilimpigia Baba Nuru, alikuwa kwa mteja, nikamwambia tukutane Goba, akanijibu, "Hiyo sauti ni ya nani?" Nikafika kabla yake. Geti la mama mkwe wangu ni la chuma, kubwa, na jua lilikuwa linalipiga. Nikasikia nyayo za mtoto huko ndani, zinanyata. Zikaja mpaka nyuma ya geti, zikasimama. Nikajua ananisikiliza.

Sikubisha hodi. Nikaita, "Nuru! Kama unanisikia, gonga!"

Kimya. Nikaogopa, ndugu zangu, kuliko nilivyoogopa mto. Nikaweka kiganja kwenye chuma cha moto.

Halafu nikasikia. Kidogo sana, kama mtu anayegusa bati kwa ukucha. Nikasema, "Nakusikia, mwanangu. Gonga." Ikaja tena, kwa kidole. Ikaja kwa kiganja. Nikasema, "Gonga, mama yupo!" Ikaja kwa ngumi zote mbili, ikaja kwa teke, geti linatikisika, mbwa wa jirani wanabweka, mama mkwe anatoka anapiga kelele kwamba geti lake linavunjwa, na juu ya hayo yote sauti ya Nuru, kubwa, imepasuka, "Mamaaa! Mamaaa!" Nikakaa chini kwenye vumbi la Goba nikalia kwa sauti. Hakuna aliyeninyamazisha.

Ndugu zangu, namaliza. Nakuja hapa kushukuru, lakini sitawadanganya. Pale uani Mama Somoe hakugonga, na hamu yangu naye haijaisha. Nikimwombea namtaja na Somoe, na kuna siku nalia. Ila sasa nalia, nakohoa, naimba, nakaanga. Afande Shomari karudi kazini, na tukikutana asubuhi tunaulizana kwanza tumelalaje, na tunajibu kweli. Yule kijana mshauri tumemwita tena. Safari hii tulinyoosha mikono.

Na wewe uliyekaa hapo kimya, umebeba jambo ulilokimbizwa nalo kabla halijaisha, mwamini Bwana. Hajakusahau kifusini. Inuka umtafute yule mliyekuwa naye siku ile, umpigie hata leo, pengine amekaa na filimbi mkononi anasubiri ushushe mkono wako. Bwana anaachia watu, ndugu zangu! Mie kaniachia!

Wazee wa kanisa, nina ombi moja. Nuru yuko pale benchi la mbele, na chini ya kiti chake kuna sufuria na mwiko, nimemruhusu mie mwenyewe. Kwaya ikianza ataigonga, na hajui mapigo hata kidogo. Nawaomba sana, asinyamazishwe.